Ana Mke Voi, Nami Nina Cheti cha Bomani

Barua za talaka hazijawahi kupungua katika safu hii. Za kubatilisha ndoa, yaani kuifuta kana kwamba haikufungwa, zilikuwa chache, lakini mwezi huu zimekuja kwa fungu, na najua sababu: toleo lililopita niligusia kwamba Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 ina njia nyingine kando ya talaka, kisha nikapita. Mstari mmoja tu, umenitia kazini mwezi mzima. Haya basi.

Shikeni hili kwanza. Hakimu anayesikiliza talaka huuliza mmeishi vipi. Anayesikiliza ombi la kubatilisha huuliza siku ile ya harusi mambo yalikuwaje. Kupigwa, kutelekezwa, michepuko iliyoanza baada ya fungate, hayo yote ni ya talaka. Ukiyapeleka kwenye ombi la kubatilisha utarudishwa nayo.

*

Bi Wakili, shikamoo. Mimi ni msusi, nina saluni yangu ndogo hapa Mikindani. Miezi minane iliyopita nilifunga ndoa bomani na dereva wa trela, yeye huenda mpaka Malaba na kurudi. Mwezi uliopita mwanamke alinipigia kutoka Voi akasema yeye ndiye mke, wamefunga ndoa kanisani mwaka 2016, wana watoto wawili. Akanitumia picha ya cheti kwa WhatsApp. Nilipomuuliza mume wangu hakukana. Alisema ile ndoa ilikufa zamani, wametengana miaka minne. Akaniambia pia nisiwe na wasiwasi, atasilimu ili awe na ruhusa ya wake wawili. Vitu vingi vya nyumba nimenunua mimi. Babangu alipokea mahari. Niombe talaka au nibatilishe? — Msusi, Mikindani

Marahaba, mwanangu. Una miezi minne. Naanza na hapo kwa sababu ndipo wengi wanapopotelea: ombi la kubatilisha ndoa lazima lifunguliwe mahakamani ndani ya mwaka mmoja tangu siku ya harusi. Mwaka hauhesabiwi tangu siku ulipopigiwa simu wala tangu siku alipokiri. Unahesabiwa tangu mlipotia saini pale bomani.

Mimi naona kifungu hiki kinambeba tapeli. Mtu akijua kuficha siri kwa miezi kumi na mitatu, mlango anaoujua kila wakili unafungwa mbele ya aliyedanganywa, naye hata hajui kama umefungwa. Bunge lingeweza kuandika mwaka uhesabiwe tangu siku mtu alipogundua. Halikuandika hivyo, basi tuendeshe mambo na kalenda tuliyo nayo.

Sababu yako imo katika kifungu cha 73: ndoa ni ya mke mmoja, na siku ilipofungwa mmoja wenu alikuwa tayari na mwenzi. Ndoa ya bomani ni ya mke mmoja, sawa na ya kanisani. Sheria inakutaka pia uwe hukujua habari hiyo siku ya harusi. Hukujua. Usije ukateleza ukamwambia hakimu kwamba "nilikuwa nasikia-sikia lakini nikapuuza", kama si kweli. Kama ni kweli, niandikie tena faraghani, maana jibu litageuka.

Sasa maneno ya bwana wako. Kutengana si talaka. Watu wanaweza kuishi mbalimbali miaka ishirini, mmoja Voi na mwingine Mikindani, na cheti kikawa hai. Ndoa ya kanisani huvunjwa na mahakama au na kifo. Kama ana hukumu ya talaka, ailete. Kama hana, alipotia saini notisi ya kusudio la kufunga ndoa, ile inayotolewa kati ya siku 21 na miezi mitatu kabla ya harusi, na ambayo humtaka mtu aeleze hali yake ya ndoa, alisema uongo mbele ya serikali. Kanuni ya Adhabu inampa kifungo cha hadi miaka mitano mtu anayeoa tena huku ndoa yake ya kwanza ingali hai. Ukitaka kwenda polisi ni hiari yako, nami sikusukumi. Nakueleza tu ili ujue ni nani kati yenu anayepaswa kuogopa karatasi.

Hili la kusilimu nalisikia sana hapa Pwani na linanichosha. Kifungu cha 9 kinasema aliye ndani ya ndoa ya mke mmoja hawezi kufunga ndoa nyingine yoyote mpaka ile iishe. Kubadili dini ni haki yake, ila hakumgeuzii ndoa ya kanisani ya 2016 ikawa ya mitara. Hata angekuwa amemwoa yule wa Voi kimila, bado asingeweza kukuoa wewe bomani, kwa kuwa mwenye ndoa inayoruhusu wake wengi haruhusiwi kufunga nyingine ya mke mmoja.

Ushahidi. Picha ya WhatsApp ni mwanzo, haitoshi. Nenda kwa Msajili wa Ndoa uombe upekuzi kwa jina lake, na ikipatikana ndoa ile uombe nakala iliyothibitishwa ya cheti. Kanisa lililowafungisha nalo huweka daftari. Yule mwanamke wa Voi, ambaye natumaini hujamtukana, ndiye shahidi wako bora kuliko wote. Hamna ugomvi nyinyi wawili, mmedanganywa na mtu mmoja.

Ombi linafunguliwa katika mahakama ya hakimu. Hapa mjini Mombasa ni pale Treasury Square, ingawa siku hizi nyaraka hupakiwa kwenye mtandao wa Mahakama na kulipiwa kwa simu, kwa hiyo usishangae wakili akikwambia hajatoka ofisini. Linakuwa na maelezo ya ndoa: lini, wapi, mliishi wapi, kama mna watoto, na sababu unayoitegemea. Linaambatana na kiapo chako, cheti chenu, na nakala ya cheti cha Voi. Kisha mumeo lazima apelekewe. Dereva wa trela ni mgumu kupatikana: leo yuko Mariakani, kesho Eldoret. Mpeleka samansi akimkosa, wakili wako anaomba mahakama iruhusu apelekewe kwa njia nyingine, na kanuni za sasa zinakubali hata barua pepe au ujumbe wa simu. Hakikisha tu ni namba anayoitumia kweli.

Asipojibu, kesi itasikilizwa bila yeye, lakini hakimu hakupi hukumu kwa kuwa mwenzako amekaa kimya. Utasimama, utaapa, utaonyesha vyeti. Wale mabroka wanaozunguka nje ya mahakama wakikuahidi "kubatilishiwa" kwa wiki mbili, wape mgongo.

Na sasa jambo ambalo watu huona haya kuwaambia wateja. Tangu siku ombi linapofunguliwa, usilale naye. Sheria inasema wazi kwamba amri haitolewi ikiwa tendo la ndoa limefanyika baada ya ombi kupelekwa mahakamani. Atakuja Ijumaa na kuku wa Mtito Andei na machozi. Usiwe nyumbani. Kaa kwa mamako mpaka hukumu itoke.

Vitu vya nyumba: kusanya risiti, ujumbe wa M-Pesa, karatasi za mkopo wa ule friji. Ndoa ikibatilishwa hamhesabiwi kuwa mliwahi kuwa mume na mke, lakini mali haiyeyuki, na aliyenunua ana haki ya kuonyesha alinunua. Mahari si sharti la kesi hii kwa upande wowote. Wazee wa pande mbili wakitaka kukaa waongee, wakae. Ila babako asikubali kuambiwa kwamba binti yake "amerudishwa". Aliyeingia na kasoro ni yule bwana.

Huna fedha za wakili? Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, FIDA-Kenya na Kituo cha Sheria wote wana ofisi Mombasa. Nenda wiki hii, si baada ya Krismasi.

*

Mimi ni baharia, makazi yangu Likoni. Nilirudi kutoka melini baada ya miezi saba baharini, wiki mbili baadaye tukafunga ndoa kanisani. Mtoto alizaliwa miezi saba baada ya harusi, kilo tatu na nusu, mzima kabisa. Nilinyamaza kwa aibu. Sasa harusi ina miezi kumi na tano na mke wangu mwenyewe amekiri kwamba alikuwa mjamzito nilipomwoa. Nataka ndoa ifutwe. Jina langu limo kwenye cheti cha kuzaliwa. — Baharia, Likoni

Pole, kaka. Sheria inayo sababu iliyoandikwa kama kwamba ni kwa ajili yako: siku ya harusi mke ana mimba, mume hajui, na mimba si yake. Imo katika kifungu kilekile cha 73. Lakini ule mwaka niliomweleza dada wa Mikindani umekupita kwa miezi mitatu. Kwako kubatilisha kumekwisha.

Mlango wa talaka uko wazi, nawe hulazimiki kungoja. Kile kipingamizi cha miaka mitatu ambacho watu hukitaja kiliwekwa kwa ndoa za bomani, na hata hicho Mahakama Kuu ilikitangaza mwaka 2019 kuwa kinapingana na Katiba. Ndoa ya Kikristo unaweza kuomba ivunjwe kwa uzinzi, ukatili, kutelekezwa miaka isiyopungua mitatu, upotovu mkubwa wa tabia, au kwa kuwa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Uzinzi usiutaje: alichokifanya kabla ya harusi hakukuwa ndani ya ndoa. Hiyo ya mwisho ndiyo yako. Umedanganywa juu ya jambo kubwa kuliko yote na imani imekwisha. Hayo yatosha kuelezwa.

Mtoto ni habari tofauti, na hapa nakuomba uende polepole. Sheria ya Ushahidi humhesabu mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa kuwa wa mume, mpaka ionyeshwe kwamba mume na mke hawakuwa na nafasi ya kukutana wakati mimba ilipoweza kutungwa. Wewe unacho kitu ambacho wanaume wengi hawana: kitabu chako cha baharia, chenye tarehe za kupanda na kushuka melini, na mihuri ya bandari kwenye pasi. Kipige nakala leo. Kukiri kwa mkeo kunasaidia, lakini mtu hukiri jikoni akakana kizimbani. Kipimo cha DNA huamriwa na mahakama ikiona kinafaa, na ndicho kitakachomaliza ubishi. Mpaka hapo usimwondoe mtoto kwenye bima wala usiache kununua maziwa. Wapo wanaume waliohesabu miezi kwa vidole, wakamfukuza mke, kisha kipimo kikasema mtoto ni wao.

Msomaji mmoja wa kike ataniuliza, basi nalisema mwenyewe: je, mke naye anaweza kubatilisha ndoa akigundua kwamba siku ya harusi mume alikuwa ameshampa mimba mwanamke mwingine? Kifungu hakimpi nafasi hiyo. Nimekisoma mara nyingi nikitafuta. Katiba, ibara ya 45, inasema waliooana wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, ndani ya ndoa na inapovunjwa. Siku moja mtu atavipeleka vifungu hivi viwili mbele ya jaji vikatazamane.

*

Tumeishi pamoja miaka tisa Changamwe, hatukufunga ndoa yoyote, ananiita mke wangu. Sasa anataka kuoa. Naweza kubatilisha? — Mama Wawili, Changamwe

Hakuna ndoa ya kubatilisha, dada. Mahakama huweza kuchukulia kwamba watu walioishi pamoja muda mrefu na kujulikana kwa jamii kama mume na mke ni wanandoa, lakini Mahakama ya Juu, Januari 2023, ilisema hilo ni la nadra na lina masharti makali. Lazima ionyeshwe kwamba wote wawili mlikusudia kuwa mume na mke. Uliza kesi ya mali uliyochangia na ya matunzo ya watoto. Watoto hawa wana haki ya kulelewa na baba na mama sawasawa, wazazi wawe wameoana au la. Hiyo ni ibara ya 53, na mahakama ya watoto iko pale Tononoka.

*

Asalam aleikum Bi Wakili. Naandika kwa mkono unaotetemeka. Mimi na mke wangu tuna miaka miwili ya ndoa na mtoto wa miezi mitano, twakaa Kisauni. Kwenye hitma ya shangazi alikuja bibi mmoja kutoka Lamu, akamtazama mke wangu akauliza ni mtoto wa nani. Alipotajiwa akasema, "Huyu si ndiye aliyenyonyeshwa na marehemu fulani mamake alipokuwa mgonjwa?" Huyo marehemu ni nyanya yangu, mzaa mama. Wakati ule alikuwa na kitindamimba wake. Sasa wazee wanasema mke wangu ni kama khaloo yangu, dada wa mama, na ndoa hakuna. Mjomba ananishurutisha nitoe talaka tatu nimalize. Mke wangu hali chakula. — Mume, Kisauni

Waaleikum salaam. Usitoe talaka, mwanangu. Hata moja. Kama ndoa haikuwapo, talaka yako haina pa kushika. Kama ndoa ipo, utakuwa umeivunja kwa maneno ya hitmani. Kwa vyovyote umepoteza. Mwambie mjomba kwa adabu kwamba jambo hili lina mwenyewe, naye ni kadhi.

Mimi ni wakili, si mwanachuoni, na ninayokueleza ni ili usiende pale mikono mitupu. Mahakama ya Kadhi imetajwa katika Katiba, ibara ya 170, na ndiyo yenye mamlaka ya ndoa na talaka pale ambapo wote wawili ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa nayo. Sheria ya Ndoa nayo inaziacha ndoa za Kiislamu zivunjwe kwa sheria ya Kiislamu. Kwa hiyo ule mwaka mmoja nilioupigia kelele hapo juu usikutishe.

Kunyonya kunaharamisha yale yanayoharamishwa na nasaba. Kweli, aliyenyonyeshwa na nyanya yako angekuwa dada wa mamako kwa maziwa. Wazee hawakukosea hapo. Walipokimbilia ni kwenye hukumu kabla ya ushahidi. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu huku, kunyonya kunakoharamisha kuna masharti. Mtoto awe hajatimiza miaka miwili. Na iwe mara tano mbalimbali, kila moja anyonye mpaka aachie mwenyewe. Si kulambishwa mara moja kunyamazishwa kilio. Madhehebu mengine, kama ya Hanafi na Maliki, hutosheka na kidogo, ndiyo maana utasikia mashekhe wawili wakikupa majibu mawili msikiti mmoja.

Basi swali si kama mkeo alinyonyeshwa. Swali ni mara ngapi, nani alishuhudia, na alikuwa na umri gani. Mtafute yule bibi kabla hajapanda basi la kurudi Lamu. Muulize taratibu, mbele ya mtu mzima mwenye akili: aliona kwa macho yake au alisimuliwa? Mama wa mkeo aliugua siku ngapi? Mtoto alikuwa akilala kwa nyanya yako au aliletwa mchana tu? Nani mwingine alikuwa kwenye nyumba ile? Mama wa mkeo yu hai? Yeye ndiye wa kwanza kuulizwa, nashangaa barua yako haimtaji. Katika jambo hili la kunyonyesha, Shafii hukubali ushahidi wa wanawake peke yao, wanne, kwa kuwa ni mambo ya ndani wanayoyaona wao. Bibi mmoja aliyekumbuka jambo la miaka ishirini na kitu iliyopita, akilitaja kati ya sahani ya mahamri na kikombe cha chai, hajafikia hapo.

Ikitokea wamesema "mara mbili, labda tatu, sikumbuki", kadhi atakuwa mbele ya shaka, na ndoa iliyothibiti haiondolewi kwa shaka. Wapo watakaokwambia kujitenga ndiyo uchamungu. Hilo ni kati yako, mkeo na Mola wenu, mkiwa mmeshasikia hukumu. Lakini wakati mnangoja, kaeni mbali na kitanda. Mkeo alale na mamako au na wazazi wake, na iwe wazi kwa majirani kwamba hamkugombana.

Ikithibiti, ndoa itatenguliwa na kadhi kwa kuwa haikuwa halali tangu mwanzo, na hapo mambo matatu uyajue mapema, maana ndiyo watu watakayomtishia nayo mkeo. Mtoto ni wako, kwa jina na kwa urithi. Mlioana mkiamini ni halali, na nasaba haimwondoki. Mahari haumdai, kwa sababu mmeingiliana. Na atakaa eda kama mwanamke mwingine yeyote kabla ya kuolewa. Hakuna zinaa hapa na asitokee mtu akalitamka neno hilo nyumbani kwenu.

Kuna jambo la nne, sijui kama litakuliwaza au litakuumiza. Ikithibiti kwamba ni khaloo yako wa maziwa, basi ni maharimu yako, mtu usiyeweza kumwoa kamwe. Mtaweza kukaa sebule moja mkamlea mtoto, bila pazia na bila masengenyo.

Hukumu ikitoka, kadhi hupeleka nakala kwa Msajili wa Ndoa. Fuatilia hilo, lisibaki kwenye faili, kwa sababu cheti chenu bado kimo kwenye daftari la serikali.

*

Nimeolewa miezi mitano, hatujawahi kukutana kimwili hata siku moja. Mume ni mtu mzuri, amekwenda kwa daktari na kwa mganga. Mkwe ananiambia nivumilie. Sisi ni Waislamu. — Bi Harusi, Majengo

Pole, mwanangu. Kwa kadhi unayo njia: fasakh, yaani kadhi kuitengua ndoa, kwa sababu ya unani, mume kutoweza tendo la ndoa. Ukishalalamika na jambo likathibiti, kadhi humpa mume mwaka mmoja wa kujitibu. Wanavyuoni walichagua mwaka ili misimu yote minne impitie, joto na baridi, kwa kuwa maradhi mengine huja na kuondoka na hali ya hewa. Mwaka huo huanza siku kadhi anapouweka, kwa hiyo kila mwezi unaokaa kimya kumridhisha mkwe hauhesabiwi. Ukipita bila mabadiliko, unaomba ndoa itenguliwe. Beba ripoti ya hospitali. Karatasi ya mganga iache. Na usione haya, unaweza kuomba kesi isikilizwe faraghani.

Kwa wasomaji ambao si Waislamu: kwenu ndoa ambayo haijatimizwa kimwili ni sababu ya kwanza kabisa kutajwa katika kifungu cha 73, na kwenu mwaka ni wa kukimbizana nao. Mkwe akikwambia uvumilie, mwambie unavumilia mpaka mwezi wa kumi wa ndoa.

*

Mahakama ilinipa talaka miaka miwili iliyopita. Nimempata mwenzi, lakini padri anasema kwa Kanisa mimi bado nina mke. Je, nikaombe mahakama inibatilishie ile ndoa ambayo tayari imevunjwa? — Mkatoliki, Mikindani

Hapana, kaka. Mahakama imemaliza kazi yake na haina la kuongeza. Padri anazungumzia mahakama ya Kanisa, ambayo huchunguza kama siku ile mlipotamkiana viapo palikuwa na kifungo kweli. Nao pia huangalia siku ya harusi: kulikuwa na kulazimishwa, kulikuwa na hila, mmoja alikuwa tayari amefungwa na ndoa nyingine, mmoja alitamka kwa mdomo huku amekataa watoto au uaminifu moyoni, au hakuwa na uwezo wa kiakili wa kubeba ahadi ile. Ulevi ulioanza mwaka wa sita hautakusaidia, isipokuwa mizizi yake ilikuwapo tangu mwanzo. Hakuna sharti la mwaka mmoja huko. Watu huenda baada ya miaka thelathini.

Zamani hukumu ya kwanza ilipaswa kuthibitishwa na mahakama ya pili ya Kanisa. Papa Fransisko aliliondoa hilo, na tangu tarehe 8 Desemba 2015 hukumu moja inatosha kama hakuna aliyekata rufaa. Mke wako wa zamani ataandikiwa na ana haki ya kusikilizwa. Atakuwapo pia mtetezi wa kifungo, kazi yake ni kutafuta sababu za kuipa ndoa yenu uhai, kwa hiyo usimchukulie kuwa adui. Watoto wenu hawawi wa haramu kwa hukumu hiyo. Wanawake wengi huniuliza hili kwa hofu, nami nalirudia kila mara.

Andika kwa ukweli historia yenu, tangu mlipojuana. Tafuta watu wawili watatu waliowajua wakati wa uchumba, maana waliokujua baada ya talaka hawana la kueleza. Chukua hukumu ya talaka, cheti cha ndoa, na nakala mpya ya cheti cha ubatizo kutoka parokia ulikobatizwa, isiwe ile ya zamani uliyoihifadhi kwenye bahasha, kwa kuwa ndoa huandikwa pembeni mwa daftari la ubatizo na watataka kuona kilichoandikwa. Kisha urudi kwa padri yuleyule, ndiye atakayekuelekeza ofisi ya jimbo kuu. Harusi mpya usiiwekee tarehe, na ukumbi usiulipie.